Unaandika hadithi ya makaburi ya Misri? Achana na laana

Huwa naletewa miswada na waandishi chipukizi wa hadithi za upelelezi. Nikikutana na ile ya bibi wa Kiingereza mwenye mwavuli, zama za Malkia Victoria, anaingia kaburini Misri pamoja na wanaakiolojia, najua kabla ya ukurasa wa pili kwamba laana iko njiani. Jiwe linasogezwa, upepo unavuma, mtu anaanguka na kufa. Hapo mimi huishiwa hamu. Muuaji akiwa ni laana, mpelelezi tumempa kazi gani?

Halafu kuna suala la tarehe. Laana mnayoifikiria wengi ni ya farao Tutankhamun, ambaye kaburi lake liligunduliwa Novemba 1922; magazeti yakaivumisha sana Lord Carnarvon, mfadhili wa uchimbaji huo, alipofariki Cairo, Aprili 1923. Victoria mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1901.

Ushauri wangu, na ndio ulionikwamua nilipokuwa nahangaika na hadithi yangu mwenyewe: fuata pesa. Luxor, mji wa kusini mwa Misri ulio jirani na makaburi ya mafarao, miaka ya 1870 ilikuwa soko la magendo ya vitu vya kale lililochangamka. Amelia Edwards, mtunzi wa riwaya, alipanda Mto Nile msimu wa 1873 hadi 1874 kwa dahabiya, yaani chombo cha tanga chenye vyumba vya kulala. Anakiri bila aibu kwamba wakiwa Luxor walikuwa wakisaka vitu vya kale vilivyokatazwa, na kwamba pengine lile katazo ndilo lililoongeza utamu. Mtu mmoja alikuwa akiwajia usiku, akizungumza na mkalimani wao kwa kuzungukazunguka. Alikuwa na andiko la mafunjo na mumia, yaani maiti ya kale iliyokaushwa, vyote kwa pauni 100. Wao hawakutaka kununua andiko wasiloliona, na mumia hawakuitaka kwa bei yoyote. Yule mtu akapotea. Kumbe amekwenda kwa mabibi wa dahabiya nyingine, wakanunua vyote kwa bei ya kuruka, kisha harufu ikawashinda, na baada ya wiki wakamtosa marehemu mtoni.

Hebu niambie, hapo laana ya nini tena? Nani aliuza? Alivitoa wapi?

Na jibu la kweli linashinda mengi tunayobuni. Kijiji cha Gurna, ng'ambo ya mto, ilikuwepo familia ya Abd el-Rassul. Karibu na 1871 waligundua shimo refu kule Deir el-Bahari, upande uleule wa mto, lililoficha maiti za wafalme, wakawa wanauza kidogokidogo. Njia yao ya sokoni ilipitia kwa Mustafa Agha, mwakilishi wa kibalozi wa Uingereza, Ubelgiji na Urusi, mtu ambaye polisi hawakuweza kumgusa. Mwaka 1881 Gaston Maspero, mkuu mpya wa idara ya mambo ya kale, akaamuru Ahmed Abd el-Rassul akamatwe. Alipigwa, hakusema neno. Aliporudi nyumbani ndugu wakagombana juu ya mgawo, na kaka yake Mohammed ndiye aliyekwenda kutoboa siri. Julai, Émile Brugsch, msaidizi wa Maspero, akateremshwa shimoni kwa kamba, akakuta zaidi ya maiti 40, wakiwemo mafarao Seti I na Ramses II. Soma tena hapo kwenye ugomvi wa mgawo: fumbo zima lilifumuliwa na wivu wa ndugu.

Ndiyo maana nawasihi msimfanye Mmisri kuwa mbeba makapu tu. Katika kisa hiki wajuzi ni watu wa Gurna. Wazungu wanauliza njia. Flinders Petrie, mwanaakiolojia Mwingereza, alilifahamu hilo, akawa anawalipa wafanyakazi wake bakshishi kwa kila walichokipata, ili kisiishie kwa mchuuzi.

Shujaa wako naye mpe uwezo wa kweli. Awe na fedha zake mwenyewe, la sivyo mlezi wa kiume atamrudisha nyumbani sura ya tatu. Kuhusu kibali cha kuchimba, wanawake walikipata kwa tabu: Margaret Benson, binti wa Askofu Mkuu wa Canterbury, alianza kuchimba hekalu la mungu wa kike Mut kule Karnak, jirani na Luxor, mwaka 1895. Mwanamke asiye na uzoefu, mwenye afya dhaifu, anapewa eneo ambalo wakubwa hawalitarajii makubwa, halafu sanamu zinaanza kutoka ardhini. Ningekuwa na muda ningeiandika mimi.

Mambo madogo yachote kwa Edwards. Kule Abu Simbel, kwenye mahekalu ya kusini kabisa mwa Misri, mabaharia wake walipanda hadi usoni pa sanamu kubwa ya Ramses, wakabandua plasta iliyoachwa na watu waliotoa nakala miaka ya nyuma. Mabaka meupe yaliyobaki wakayapaka kahawa, ndoo kwa ndoo, na mpishi akaduwaa: hajawahi kuhudumia mgeni mwenye mdomo wa futi tatu na nusu. Huwezi kubuni kitu kama hicho ukiwa umekaa kwenye kochi.

Kitabu chake cha safari hiyo, A Thousand Miles up the Nile, kilitoka 1877 na siku hizi kinasomeka bure mtandaoni. Kizito kidogo mwanzoni, ruka sura za Cairo kama huna subira, anzia Luxor.