Kwenda masaa kumi na tano, kurudi masaa sita?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwezi uliopita nilikwenda Guangzhou, China, kufuata mzigo wa viatu. Kwenye tiketi, tulitoka Dar es Salaam saa nne asubuhi tukatua saa saba na nusu usiku. Hayo ni masaa kumi na tano na nusu. Kurudi tuliruka saa tisa na nusu usiku, na saa tatu na nusu asubuhi tuko Dar. Masaa sita tu! Ndege ya kurudi ilikuwa na mbio kiasi hicho? Na huko ni kilomita ngapi?
Muuza viatu, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na safari. Mbio hazikuongezeka. Tiketi huandika saa ya kuondoka kwa majira ya mji unaotoka, na saa ya kufika kwa majira ya mji unaokwenda. China wako mbele yetu kwa saa tano. Ulipotua saa saba na nusu usiku, hapa Mwanga ilikuwa saa mbili na nusu, wanao wanakula ugali na migebuka. Kwa hiyo ulisafiri saa kumi na nusu. Kurudi, uliporuka saa tisa na nusu ya kule, kwetu ilikuwa saa nne na nusu usiku uleule. Hesabu mpaka saa tatu na nusu asubuhi: kumi na moja. Umeona? Kurudi ndiko kulikochukua muda zaidi. Huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi, hasa Desemba hadi Februari. Ndege inayokwenda China husukumwa, inayorudi hupingana nao.

Nashangaa mtu wa Kigoma kuuliza hili. Vuka ziwa hadi Kalemie, kule Kongo, tayari saa yako iko mbele ya yao kwa saa nzima. Hata na Dar, ingawa saa zetu ni moja, jua halijali: Ramadhani Dar wanafuturu, sisi Ujiji tunabaki na kiu dakika kama arobaini. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, na kati yetu na Dar zipo digrii tisa na nusu.

Umbali? Vuta uzi juu ya tufe, si juu ya ramani ya ukutani, utapata kama kilomita 8,700 kutoka Dar. Reli yetu, Kigoma hadi Dar, ni kilomita 1,254. Ni kama kuipanda treni hiyo mara saba bila kushuka. Mgongo wako ungekuwa na la kusema.

Ila tiketi isome vizuri. Mimi niliwahi kuona 10:00 nikajua saa kumi jioni. Nilipofika uwanjani na begi langu, mlinzi akaniuliza nimekuja kumpokea nani.