Acheni Kuisingizia Milima: Fizi, Mate na Hewa ya Juu

Msomaji mmoja ameniuliza kama ni kweli kwamba ukihamia sehemu za juu sana fizi lazima ziharibike. Nimecheka, kisha nikaudhika upya. Swali hilohilo nilimuuliza daktari wa meno mara tu nilipohamia mlimani. Akanijibu, "Wewe piga mswaki tu," bila kuinua macho. Lilinikaa rohoni jibu lile, nikaamua kusoma mwenyewe.

Bakteria wakorofi wa fizi, akiwemo Porphyromonas gingivalis, hawapatani na oksijeni. Hujificha chini ya ufizi, kwenye mifuko ambako hewa haifiki hata ukiwa ufukweni. Kwa hiyo hewa nyepesi haiwafuati humo kuwanenepesha. Tatizo liko kwa mwenye kinywa. Kwenye mita 3,000, mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 70 ya ule wa usawa wa bahari. Unahema haraka, hewa ni kavu, unalala mdomo wazi. Mate yanakauka, na mate ndiyo yanayoosha kinywa na kupunguza makali ya asidi. Tena chembe nyeupe za damu huhitaji oksijeni ili ziwaue bakteria vizuri.

Mimi niliamka kila siku ulimi umegandia kaakaa, nikitema povu lina damu. Nikaenda kwa daktari mwingine, akanikwangua ugaga, nami nikaanza kupitisha uzi kati ya meno kila usiku. Juzi amepima: mifuko ya fizi iliyokuwa na kina cha milimita 5 sasa ni 3. Akauliza siri yangu. Nilijibu kwa majivuno, sikatai.

Basi ndugu zangu, mnasubiri nini? Uzi kila usiku. Maji ya kunywa karibu na kitanda. Pua ikiziba, itibiwe, ili usilale mdomo wazi. Maji ya kusukutulia yenye alkoholi yawekeni kando, maana kinywa kikavu hakihitaji kukaushwa zaidi. Na uzi, nasema tena, uzi!

Wavutaji sigara wao hujidanganya kwamba fizi zao ni nzima kwa kuwa hazitoki damu. Nikotini hubana mishipa ya damu, ugonjwa ukaendelea kimyakimya. Fizi zinazovuja damu tu bado zinaweza kupona kabisa. Jino likianza kulegea, usingoje makala yangu ijayo, kapimwe wiki hiihii, kwa sababu mfupa ulioliwa haurudi wenyewe.