Mwanangu, koo lake na valvu ya moyo

Mwanangu alikuwa na miaka 9 alipoanza kulala ameegemea mito miwili. Akilala chali, anakosa pumzi. Mpira alishaacha kucheza, nasi tukamwita mvivu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha kwamba valvu ya mitrali inavuja. Daktari alinichorea kwenye karatasi. Moyo una valvu nne, kila moja ni mlango wa kupita upande mmoja tu. Hakuna msuli wa kuzivuta zifunguke. Damu yenyewe huzisukuma ikipita, na ikitaka kurudi huzibamiza zikafunga. Ule mdundo unaousikia ukimlaza mtoto kifuani ni milango hiyo ikifunga, karibu mara 100,000 kwa siku. Mitrali ndiyo yenye kazi ngumu zaidi: vipande viwili vyembamba vilivyoshikiliwa na nyuzi, kama tanga na kamba zake, visipinduke moyo unapokamua damu kuipeleka mwilini. Ya mwanangu ilikuwa imekakamaa na kukunjamana. Damu ilirudi nyuma, ikajazana kuelekea mapafuni. Ndiyo maana ya ile mito.

Chanzo kilikuwa tonsesi. Kila akiumwa koo nilimpa asali na maji ya chumvi, na jirani akanishauri akakatwe kimeo! Kumbe koo lingine huletwa na bakteria aitwaye streptokokasi, na kinga ya mwili ikishapambana naye inaweza kugeukia maungio na valvu za moyo. Magoti yake yaliwahi kuvimba, moja likipona linaanza jingine. Tukasema anakua.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, koo lenye homa lipimwe. Maungio yakivimba kwa kupokezana, mwombe daktari asikilize na moyo.

Na kama mtoto ameshaandikiwa sindano ya penisilini ya kila wiki nne, usiruke hata moja. Mimi niliruka mbili kwa sababu alikuwa anacheka na kukimbia. Ile homa ya koo na maungio ikarudi, valvu ikaumia zaidi. Sindano ile haitengenezi valvu iliyoharibika; inazuia koo jingine lisije kuongeza jeraha. Inauma, tena sana. Mwombe nesi aishike mkononi ipate joto kidogo, kisha aisukume polepole. Mwanangu sasa huomba hivyo mwenyewe.