Mlipuko wa asubuhi katika Land Rover ya zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Land Rover Series III ya petroli ya mwaka 1978. Tangu baridi ya Juni ianze hapa Njombe, kila alfajiri injini hupiga milipuko miwili au mitatu kabla ya kushika, lakini ikishapata moto hutulia kabisa. Fundi anataka ninunue kabureta mpya. Je, nikubali?
Msomaji, Njombe

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usinunue bado. Sikiliza kwanza mlipuko unatokea wapi, kwa sababu mlio wa kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na ule wa kwenye ekzosi ni dalili za maradhi mawili tofauti.

Ukitokea kwenye kabureta, ambako ndiko ninakokushuku zaidi, injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Penye baridi petroli haigeuki mvuke kwa urahisi, na mchanganyiko ukiwa hafifu huungua polepole mno, hata valvu ya kuingizia inapofunguka tena moto ungali ndani ya silinda na hurudi nyuma. Choki, yaani kibati kinachopunguza hewa inayoingia kwenye kabureta, iliwekwa kuzuia hali hiyo. Injini ikiwa imezimwa, ondoa bomba la hewa, umwombe mtu avute choki, kisha utazame kama kibati hicho kinafunga chote. Mara nyingi kosa ni waya uliolegea tu. Baadaye, injini ikiwa saileni, yaani ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, na ingali baridi, nyunyiza maji kidogo kwenye gasketi ya manifoldi, pale bomba la kuingizia mchanganyiko linapoungana na injini: mngurumo ukibadilika, hewa inapenya hapo, na chuma kikipata joto hutanuka kikaziba ufa, jambo linalolingana na maelezo yako. Nakusihi usichungulie kabureta wakati stata inazunguka, kwani moto unaorudi hutokea hapohapo.

Ukitokea kwenye ekzosi, cheche ni dhaifu na petroli inatoka bila kuungua. Pima betri wakati wa kupiga stata. Ikishuka chini ya volti 9.6, ichajiwe au ibadilishwe. Kausha umande ndani ya kifuniko cha distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi, na uhakikishe platini zake, yaani vidole vinavyokata na kuunga umeme huo, zina mwanya wa milimita 0.35 hadi 0.40.

Taimingi, yaani wakati wa cheche kupiga, sina shaka nayo sana, maana ingekuwa imekosewa, injini isingetulia hata ikiwa na moto. Yote hayo yakiwa sawa, ndipo kabureta ifunguliwe na jeti, vitundu vyake vya kupitishia petroli, zisafishwe, pamoja na kusawazisha kifuniko chake cha juu, ambacho katika kabureta za Zenith za gari hilo hupinda kwa umri.