Kwa wanaoanza utafiti wa fasia: anzieni wodini

Kila mwaka tunapokea vijana wa fiziotherapia na anatomia wanaotaka kufanya utafiti wa fasia, na karibu wote huja na swali lilelile: je, kukanda mwili kunalegeza fasia? Wamelikuta mtandaoni. Swali si baya, ila ukianza nalo hapa Uganda utahangaikia mashine usizo nazo, na huku kila asubuhi wodini unapishana na maswali ambayo watafiti wa Ulaya wangeyasafiria.

Fasia yenyewe mnaijua. Ni ule utando mweupe unaofunika nyama, ambao muuza bucha huukwangua kwa kisu mteja akilalamika. Kwa binadamu umefunika kila msuli, ukaingia katikati ya nyuzi zake na kuungana na kano na ligamenti. Umejengwa hasa kwa kolajeni, yaani protini ya nyuzi imara, na seli zinazoitwa fibroblasti ndizo zinazoufuma na kuufumua kulingana na mzigo zinaoupata. Shikeni hilo la mzigo, maana ndilo litakalorudi kila mara.

Nendeni wilaya ya Kumi, mashariki mwa Uganda, mkipata nafasi. Kliniki ya mifupa ya kule Ongino imekuwa ikipokea watoto wasioweza kuchuchumaa magoti yakiwa yamekaribiana. Mwambie mtoto achuchumae: magoti yanafunguka pande mbili, na akilazimisha kuyafunga anaangukia mgongo. Mlaze chali, kunja nyonga yake taratibu. Ukifika mahali fulani paja linakwenda nje lenyewe, upende usipende. Ukipapasa kalio unakuta kamba ngumu chini ya ngozi, na wakati mwingine ngozi imeingia ndani kidogo pale juu yake. Hiyo ni faibrosisi ya misuli ya makalio, yaani msuli uliogeuka kovu gumu. Katika historia ya wengi wao kuna sindano za kwinini walizopigwa wakiwa wadogo, wakiugua malaria. Dawa ile huunguza msuli, na mwili huziba pengo kwa kolajeni isiyovutika. Daktari wa upasuaji akiikata kamba, mtoto anaweza kuchuchumaa tena.

Tangu utafiti mkubwa wa watoto wa Afrika uliochapishwa 2010, ambao Uganda ilishiriki, dawa ya artesuneti ndiyo inayopendekezwa kwa malaria kali badala ya kwinini. Hata hivyo waliopigwa kwinini zamani bado wapo, na sindano za makalio hazijaisha. Sasa jiulize: watoto wawili wamepigwa sindano ileile, mmoja amepona, mwenzake amebaki na kamba. Kwa nini? Huhitaji maabara ya mabilioni kuanza kulifuatilia hilo.

Mahali pa pili ni Kampala penyewe, kwenye kliniki za watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda kwa ndani. Kwa njia ya Ponseti, mguu unanyooshwa kidogo kwa mkono, unafungwa plasta, na wiki inayofuata inabadilishwa. Tano au sita hivi zinatosha. Kisha, kwa wengi, kano ya kisigino hukatwa kwa ganzi ya mahali hapo tu, na plasta ya mwisho hukaa wiki tatu. Ikifunguliwa, kano imeshaungana, tena imerefuka. Halafu vinakuja viatu vya Steenbeek, vile vya ngozi vilivyounganishwa kwa chuma, ambavyo vilibuniwa hapahapa, kwenye kituo cha watoto wenye ulemavu cha Katalemwa. Mtoto huvivaa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, baadaye usiku na anapolala mchana, hadi kufikia miaka minne hivi. Mzazi akiviacha mapema, mguu huanza kurudi ulikotoka.

Mimi nadhani asiyewahi kumfuata mtoto mmoja tangu plasta ya kwanza hadi viatu hajaanza kuielewa tishu unganishi, yaani fasia, kano na ligamenti, hata awe amesoma makala mia. Pale unaona wazi: nguvu ndogo, muda mrefu, bila kukatiza. Mzigo ukiondoka, tishu nayo inabadili mwelekeo.

Ukiwa na picha hiyo kichwani ndipo urudi kwenye swali lako la kukanda. Mwaka 2008 Chaudhry na wenzake, akiwemo Robert Schleip wa Ujerumani, walichapisha hesabu za nguvu inayohitajika kubadili umbo la fasia. Kwa fasia nene ya paja na ya unyayo, hata badiliko la asilimia moja lilidai mgandamizo wa mamia ya kilo. Kwa utando laini wa puani nguvu ndogo ilitosha. Basi mgonjwa akiinuka kitandani akisema amepata nafuu, usiandike kwamba umeirefusha fasia yake. Nafuu ni kweli, lakini fasia ina miisho mingi ya neva, na huenda njia ni hiyo. Watu wa semina za kulipia za kufundisha ukandaji hawapendi kusikia haya, najua.

Mfano mzuri wa kuiga ni kazi ya Helene Langevin wa Marekani. Mwaka 2009 timu yake ilipima kwa altrasaundi tishu zinazozunguka misuli ya kiuno, na kwa wenye maumivu sugu zilikuwa nene zaidi kwa asilimia 25 hivi. Hawakuishia kwenye unene. Mwaka 2011 walipima jinsi matabaka ya fasia ya kiuno yanavyoteleza moja juu ya jingine, na kwa wenye maumivu mtelezo ulikuwa pungufu kwa asilimia 20 hivi. Wala hawakudai kwamba hiyo ndiyo sababu ya maumivu, kwa kuwa walipima mara moja tu. Mtu anayeumwa kiuno hajitikisi sana, na kutojitikisa kwenyewe kunaweza kuifanya fasia igande.

Mtelezo ndio wa kufuata, na altrasaundi ya kawaida ya hospitali inaweza kukuonyesha. Ila mkono wako ndio adui wa kwanza. Ukikandamiza probu, yaani kile kichwa cha mashine kinachowekwa kwenye ngozi, unene unaousoma ni wako, si wa mgonjwa. Weka jeli nyingi hadi uone ukanda mweusi wa jeli kati ya probu na ngozi, ujue hujagandamiza. Probu ikiinama kidogo, kano inayong'aa inageuka nyeusi na unaweza kudhani imechanika. Weka alama kwa kalamu kwenye ngozi, pima mara tatu, kisha mpe mwenzako apime bila kuona namba zako. Zikitofautiana sana msianze kukusanya data, rudini mkafanye mazoezi.

Kuhusu maiti za kujifunzia, chumba cha anatomia kitakufundisha matabaka yalipo, na ni lazima uingie. Lakini fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, hukausha na kugandisha, kwa hiyo mtelezo huwezi kuujua pale. Na kwenye hadubini, omba rangi ya Masson inayoipambanua kolajeni na msuli. Rangi ya kawaida ya maabara haitoshi.

Vibali sitavieleza sana: kwanza kamati ya maadili, kisha usajili kwenye Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na anza mapema. Fomu ya ridhaa iwe kwa lugha ya mzazi. Kumi hiyo ni Kiteso, na Kiswahili chako kitakusaidia sokoni na kambini kuliko kwa bibi aliyemleta mjukuu.

Ukimuuliza mama kuhusu sindano, usimuulize kama mtoto alipigwa sindano ya kwinini. Atakujibu ndiyo ili akuridhishe. Muulize mtoto aliugua nini, alipelekwa wapi, alichomwa upande gani, na siku zilizofuata alitembeaje. Kisha omba daftari la matibabu. Mara nyingi ni daftari la shule tu, limelowa pembeni, na maandishi ya mhudumu hayasomeki vizuri, lakini tarehe na jina la dawa huwa vimo. Andika yaliyomo kwenye daftari katika safu yake, na anayoyakumbuka mama katika safu nyingine, usiyachanganye hata yakilingana.