Likizo ya Malindi na Watamu ukiwa na mbwa: ya kuuliza kabla ya kulipa amana

Tangazo likisema "mbwa wanakaribishwa", usitume amana bado. Mara nyingi maana yake ni kwamba mbwa anaruhusiwa kuingia kiwanjani. Atalala wapi ni suala jingine, na jibu huwa ni banda la mlinzi. Omba video ya simu inayoonyesha chini ya geti, ua wa upande wa bahari, na baraza. Nyumba nyingi za makuti zimeachwa wazi upande huo ili upepo upite, na hapo ndipo mbwa anapotorokea saa nane usiku akimfukuza paka. Ua wa michongoma humzuia mtu. Mbwa mdogo hupita. Ukikuta pengo chini ya geti, panga mawe siku ya kwanza, kabla hujashusha mizigo.

Uliza pia maji ya bomba yanatoka wapi. Visima vya karibu na bahari huwa na chumvi, na mbwa ama anayakataa maji hayo ama anaharisha. Mbwa wa kilo 25 hunywa kama lita moja na nusu kwa siku, na kwenye joto hata mara mbili. Wekeni mtungi wa lita 20 kwa ajili yake.

Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, mbwa wa pua fupi kama pug na bulldog abaki nyumbani. Julai na Agosti joto hupungua, ingawa upepo wa kusi huleta mwani mwingi ufukweni.

Kutoka Nairobi, ondokeni saa tisa usiku ili mpite Voi kabla jua halijakali. Chakula apewe kidogo jioni iliyotangulia. Njiani apate maji tu, kila baada ya saa mbili. Mfunge kamba kabla ya kufungua mlango wa gari, hasa Mtito Andei, maana kuna nyani. Mkikata kona Mariakani kupitia Kaloleni hadi Kilifi, mtaepuka foleni ya Mombasa.

Kuna jambo ambalo matangazo hayaligusi. Malindi ulikuwa mji wa Waislamu hata kabla Vasco da Gama hajatia nanga 1498, na huenda mpishi na mtunza nyumba wenu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Kwao mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ukimlisha kwa sahani ya nyumba, umemwachia mpishi kazi hiyo, au umemnyima raha ya kutumia jiko lake. Beba bakuli mbili, sponji na taulo zake, na vioshwe nje kwenye bomba la bustani. Kumwogesha mbwa si kazi ya mtunza nyumba, labda ajitolee mwenyewe. Na anayekwenda msikitini akipita, vuta kamba iwe fupi. Mbwa akimrukia kwa furaha tu, huenda ikabidi arudi kubadili nguo.

Msikiti wa Ijumaa na makaburi yake ya mnara, au magofu ya Gede ambako kima wamejaa, nendeni kwa zamu, mmoja abaki na mbwa. Kumwacha ndani ya gari, hata kivulini na vioo vikiwa nusu wazi, kunaweza kumuua.

Ufukweni mpeleke kabla ya saa mbili asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni. Weka mgongo wa mkono mchangani kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake zitaungua. Wakati wa bamvua maji hupwa mbali na miamba ya matumbawe hubaki wazi: inakata nyayo kama wembe. Kamba isitoke, kwa sababu kasa hutaga Watamu na mbwa hufukua mayai. Kinachotisha zaidi ni bunju, samaki mwenye sumu anayejivimbisha, aliyetupwa na mawimbi na kufichwa na mwani. Sumu yake haipungui samaki akikauka, na haina dawa ya kuivunja nguvu. Mbwa akimgusa samaki huyo kwa mdomo, mkimbizeni kwa daktari wa mifugo bila kungoja dalili. Tafuteni namba ya daktari aliye karibu kabla ya safari.

Kupe wa Pwani hawakai majanini pekee. Wale wa mbwa hutaga kwenye nyufa za ukuta na kupanda hadi darini, kwa hiyo nyumba iliyowahi kukaa mbwa wengine inaweza kuwa nao hata ikiwa imefagiliwa vizuri. Dawa ya kupe itolewe kabla ya kuondoka, na kila jioni pekua masikio, kwapa na katikati ya vidole, ambako pia funza huingia. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe ndani ya gari. Mkisharudi, akikataa chakula, akipata homa, ufizi ukawa mweupe au damu ikatoka puani ndani ya wiki tatu, mwambieni daktari kwamba alikuwa Pwani na ombeni apimwe homa ya kupe siku hiyohiyo.