Kihispania cha Wapi? Maswali Yenu ya Wiki Hii

Naenda kusoma Madrid. Kihispania sahihi ni cha Hispania au cha Mexico?
Jamani, hili swali kila wiki! Unaenda Madrid, jifunze cha Madrid. Kwani daladala na matatu lipi ndo sahihi?

Nilisoma Sevilla, sasa nipo Buenos Aires. Nimesema nataka "coger el colectivo", darasa zima likacheka. Kwa nini?
Colectivo umepatia, ndo basi lao. Balaa ni coger. Hispania ni kuchukua tu, basi, simu, mkoba, hakuna anayegeuka, ila Argentina na Mexico ni tusi la mambo ya kitandani, kwa hiyo umewatangazia watu unataka kulala na basi. Sema tomar, inapita kote. Na anza kuzoea vos, yaani "wewe" ya huko, maana hapo watu wanasema "vos tenés" (wewe una) siyo "tú tienes". Mi huwa nashangaa walimu wanavyowakaririsha watu vosotros, "ninyi" ya Hispania, mpaka basi, wakati ukishavuka Atlantiki kwenye maongezi ya kawaida huisikii, halafu vos ya mamilioni ya watu wanairuka.

Bogotá niliagiza tinto nikaletewa kahawa.
Umeletewa ulichoagiza, tinto hapo ni kahawa nyeusi. Kama ulitaka mvinyo sema vino tinto, na usimgombeze mhudumu.

Guagua ni basi au mtoto?
Havana na visiwa vya Canarias ni basi. Chile ni mtoto mchanga. Ukiuliza taja nchi, nimeshasema.

Naenda Havana kusomea udaktari, kuna maneno ya kukwepa?
Papaya! Ukiwa sokoni omba fruta bomba, kwa sababu papaya pale mtaani ni sehemu za siri za mwanamke, na wauzaji watakucheka mpaka ukimbie. Lingine hujaniuliza ila nakwambia: asere, yaani "mshkaji", utakayookota kwa washkaji iache huko huko kwa washkaji, usimpelekee profesa wala bibi aliyelazwa wodini. Mtu ana wiki chache tu kashajiona mzawa, kila sentensi misimu, wenyeji wanatabasamu tu kwa adabu. Angalia kwanza nani anamwambia nani.

Programu gani ya simu inafundisha misimu?
Nunua daftari. Andika neno, mji, na aliyelisema alikuwa anaongea na nani, halafu muulize mama mwenye nyumba, siyo mshkaji wa baa, kama linasemeka mezani. Ukibaki na wasiwasi fungua Diccionario de americanismos, ipo bure mtandaoni na inaonyesha kila neno ni la nchi gani.